Maziwa Lala

Mama hakuwahi kununua mala dukani. Maziwa ya jioni yaliyobaki aliyachemsha, akayaacha yapoe, akayamimina katika kibuyu na kukiegemeza kwenye kona ya jikoni. "Msikiguse," alituonya. "Yaacheni yalale." Ukikisogeza kibuyu kabla ya wakati, maziwa hayashikani vizuri, ukikiacha kimya, siku ya tatu unayakuta yameganda sawasawa. Ndiyo maana watu wetu huyaita maziwa lala, na kwa uvivu wa ulimi, mala.

Nilikuwa na miaka 40 nilipotambua kwamba damu nayo ikilala huganda, na kwamba nusura tumwue mama yetu kwa mapenzi, kwa kumwacha kimya kwenye kona yake kama kibuyu.

Julai Molo si mwezi wa mchezo. Tuko karibu mita 2,500 juu ya bahari. Ukungu hushuka kutoka msitu wa Mau ukakaa juu ya viazi hadi saa nne asubuhi. Alfajiri moja ya Julai 2017 mama, wakati huo ana miaka 71, aliteleza zizini akienda kukamua. Tulimkuta amelala ubavu, ndoo imepinduka, ng'ombe amesimama kando yake ametulia tuli. Mguu wa kulia ulionekana mfupi kuliko wa kushoto, na unyayo wake ulikuwa umegeukia nje. Baadaye niliambiwa kwamba hiyo ndiyo sura ya nyonga iliyovunjika, na kwamba daktari mzoefu huitambua hata kabla ya picha.

Tuliokuwa Kenya mwaka ule tunaukumbuka. Wauguzi wa hospitali za umma walikuwa wamegoma tangu Juni 5 wakidai mkataba wao wa mishahara, na mgomo ungeendelea hadi Novemba. Tukauza ng'ombe wawili, tukafanya harambee kwa simu, tukampeleka hospitali ya binafsi mjini Nakuru. Alipasuliwa, akawekewa chuma. Siku ya sita baada ya upasuaji bili ilikuwa imetukaba koo, tukaomba aruhusiwe.

Muuguzi wa wodi alituita pembeni kabla hatujaondoka. Alisema mama aketishwe kila siku, asimamishwe kwa fremu ya kutembelea hata ikiwa ni hatua tatu tu, anywe maji ya kutosha, na achomwe sindano moja ya tumbo kila siku hadi zitimie siku 35 tangu upasuaji. Tulimwitikia ndiyo, ndiyo, huku akili zetu zikihesabu pesa. Alituandikia kwenye karatasi. Karatasi ile niliikuta miezi mitatu baadaye katika mfuko wa koti langu, imekunjwa mara nne.

Nyumbani tulimtandikia sebuleni, karibu na moto. Kina mama wa kanisa walikuja na mkate na uji wa wimbi, wakaimba kwa sauti ya chini, wakaondoka kwa kunyata. Kila mgeni alituachia agizo lile lile: mwacheni apumzike. Amelima, amekamua, amezaa watoto sita, sasa Mungu amempa nafasi ya kulala. Mama mwenyewe alikubali. Kuketi kulimuuma, na sisi hatukuwa na moyo wa kumwona akikunja uso. Akisema "Baba, niache kidogo," nilimwacha. Mimi ni mwana wa pili, nimebeba jina la baba yake, na ndiyo maana huniita hivyo. Nani ana ujasiri wa kumkatalia mama anayemwita Baba?

Sindano tulizotoka nazo ziliisha siku ya kumi. Tulipouliza bei ya nyingine tulitazamana. Mama hakuwa na homa, kidonda cha upasuaji kilikuwa kikavu, alikula vizuri. Tukaona yako mengi yaliyomfaa kuliko sindano: unga, kuni, malipo ya kijana wa kukamua. Hakuna aliyetushauri tuziache. Tuliamua wenyewe.

Nadhani Kiswahili chetu nacho kina mkono katika kosa hili. Mtu akipelekwa hospitali, twasema amelazwa. Hatusemi ametibiwa wala ameangaliwa. Tunataja kitanda kwanza. Wodi tunaihesabu kwa vitanda. Mgonjwa akitulia, twafurahi, "leo amelala vizuri." Lakini lugha hiyo hiyo imetupa neno kuuguza, nalo ni neno la mtu mwenye kazi mikononi. Sisi tulishika lile la kwanza tukalisahau la pili.

*

Jumamosi ya Agosti 5, siku tatu kabla ya uchaguzi mkuu, mguu wa mama uliamka umevimba. Ulikuwa ule wa kulia, kuanzia kwenye shavu la mguu hadi juu ya goti; ngozi imevutika na kung'aa, na ukiugusa una joto. Shangazi, dada ya marehemu baba, alikuwa amefika kutoka Subukia na chupa ya mafuta ya kondoo. Aliutazama akasema damu imesimama na inahitaji kuchuliwa ili itembee. Alikuwa amekosea nusu na kupata nusu, na ile nusu aliyopata ndiyo iliyofanya nimwamini. Nilipasha mafuta mikononi, nikaanza kuchua kutoka kifundoni kwenda juu. Mama alifumba macho kwa raha.

Sijui nilichua kwa dakika ngapi. Ninachokumbuka ni sauti mlangoni: "Ndugu yangu, toa mikono yako hapo. Shosho, uniwie radhi, lakini mguu huu usichuliwe."

Alikuwa mkaza mwana wa jirani yetu wa upande wa mto, muuguzi wa hospitali ya umma, yuko nyumbani kwa sababu ya mgomo. Alikuja kumjulia mama hali, na mayai kwenye kikapu. Aliomba utepe wa cherehani, akapima shavu la mguu wa kushoto, kisha la kulia, mahali pale pale chini ya goti. Tofauti ilikuwa sentimita 4. Akamuuliza mama kama anapumua vizuri, kama kifua kinachoma akivuta pumzi. Kisha akasema twende Nakuru leo hii, tusingoje kura.

Magari yalikuwa haba, watu wengi walikuwa wamekwenda makwao kupiga kura, na wenye magari waliogopa barabara. Molo ina kumbukumbu zake za chaguzi, za 1992 na za 2007. Tulipata pikapu ya mbebaji wa viazi. Mama alilazwa nyuma juu ya godoro, muuguzi yule ameketi kando yake ameshika mkono, mimi nimeegemea ubao. Tulipopita Elburgon na kuteremka kuelekea Njoro, nilianza kumfikiria baba, na kadiri nilivyomfikiria ndivyo tumbo lilivyozidi kunikata.

Mwaka 1994 baba alivunjika paja katika ajali ya lori. Nilikuwa na miaka 17. Siku zile paja lilivutwa kwa mawe: msumari unapitishwa kwenye mfupa chini ya goti, unafungwa kamba, kamba inapita kwenye gurudumu mwisho wa kitanda na kuning'iniza uzito. Unalala chali wiki sita, nane, wakati mwingine zaidi, mpaka mfupa ushikane. Baba alilala wiki saba. Siku ya kuruhusiwa mawe yakatolewa, akaambiwa akaoge. Mama alikuwa amemletea suti. Akasimama, akashika ukuta, akasema kifua kinambana. Akaketi chini taratibu kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Hakuinuka tena.

Mfupa ulikuwa umepona. Hicho ndicho kilichotushinda kukielewa. Mtu aliyekuwa mgonjwa angekufa, tungelia na kunyamaza. Huyu alikufa akiwa amevaa shati la kurudia nyumbani. Wengine walisema ni moyo. Wengine walishusha sauti wakataja kesi ya mpaka tuliyokuwa nayo na jirani wa upande wa mto. Kwa zaidi ya miaka ishirini familia mbili zilichota maji katika mto mmoja bila kusalimiana. Na sasa mkaza mwana wa nyumba ile alikuwa ameshika mkono wa mama yangu nyuma ya pikapu ya viazi.

*

Picha ya mawimbi ya sauti ilionyesha bonge la damu katika mshipa mkubwa, kuanzia nyuma ya goti hadi katikati ya paja. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mpole, na alitueleza kama mtu aliyezoea kuwaeleza wakulima.

Moyo husukuma damu hadi unyayoni, alisema, lakini kuirudisha juu ni kazi nyingine, kama kupandisha maji kutoka mtoni hadi bomani. Pampu ya kazi hiyo ni misuli ya shavu la mguu. Kila ukipiga hatua misuli hukaza na kuikamua mishipa, na ndani ya mishipa mna vilango vidogo vinavyozuia damu kurudi chini. Mtu akilala siku nzima, pampu imezimwa. Damu inatuama nyuma ya vilango vile, na hapo ndipo inapoanza kushikana. Karne ya 19 daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, alionyesha kwamba bonge la mguuni linaweza kukatika, likasafiri kupitia moyoni na kuziba mishipa ya mapafu. Hadi leo madaktari huhesabu mambo matatu yanayogandisha damu chini ya jina lake: damu kutuama, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Mama alikuwa nayo yote. Alilala wiki tatu. Nyonga ilivunjika na kupasuliwa. Na mwili uliojeruhiwa huongeza wenyewe nguvu ya kugandisha damu, kwa nia njema ya kuzuia isimwagike.

Ndipo nikauliza kuhusu baba. Daktari alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba mtu aliyelala wiki saba na paja lililovunjika, akasimama, akabanwa na kifua na kufa papo hapo, yeye angefikiria kitu kimoja kabla ya vingine vyote. Nilitoka nje nikasimama penye maegesho. Jua lilikuwa likizama. Muuguzi yule alinikuta pale. Nilitaka kumwomba msamaha kwa niaba ya nyumba yetu nikashindwa kupata maneno, kwa hiyo nilimuuliza kama amekula.

Kutojua kulimwua baba mara moja, kisha kukatuua sisi polepole miaka ishirini na mitatu. Kila ninaposikia mtu amekufa ghafla baada ya kupona, na jina la jirani linaanza kutajwa matangani, nauliza kwanza alilala kitandani muda gani.

*

Mama alianzishiwa sindano tena pamoja na vidonge vya warfarini, ambavyo alivitumia miezi mitatu. Habari ya dawa hii ilimpendeza kuliko hadithi yoyote niliyopata kumsimulia, kwa kuwa inaanzia zizini. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa kaskazini mwa Marekani na Kanada walianza kufa kwa kutokwa damu isiyokoma baada ya kula majani makavu ya klova yaliyooza. Februari 1933 mfugaji wa Wisconsin, Ed Carlson, aliendesha gari katika dhoruba ya theluji hadi Madison akiwa na mtamba aliyekufa, majani yale, na mkebe wa damu iliyokataa kuganda. Alibisha mlango wa maabara ya Karl Link. Link na wenzake walichukua miaka kadhaa kuitoa sumu ile katika majani. Kutoka kwayo wakatengeneza warfarini, iliyouzwa kwanza mwaka 1948 kama sumu ya panya, na kuanzia 1954 ikatumiwa kwa binadamu.

"Kwa hiyo nakunywa dawa ya panya," mama alisema.

"Ndiyo, Mama. Lakini kwa kipimo."

"Basi nipimieni vizuri."

Tulimpima. Kipimo kinaitwa INR, na kwa mgonjwa kama yeye hutakiwa kukaa kati ya 2 na 3: chini ya hapo damu huganda, juu ya hapo huweza kuvuja. Hapo tuligongana na sufuria yetu wenyewe. Sukuma wiki, managu na terere vina vitamini K kwa wingi, na vitamini hiyo huipinga warfarini. Wiki moja shemeji, mke wa kaka yangu, alipika mboga kila siku, kipimo kikashuka; wiki iliyofuata akaogopa akaziacha kabisa, kikapanda. Daktari alisema mboga asikatazwe, ale kiasi kile kile kila siku. Nasi tukaelewa pia kwa nini dawa za namna hii hazinunuliwi dukani kwa kukisia, wala kukatishwa kwa sababu mtu anaonekana mzima. Tulikuwa tumekwisha kufanya la pili.

*

Siku ile ile Nakuru daktari alimgeuza mama ubavu na kufunua mgongo. Juu kidogo ya matako, pale mfupa unapokaribia ngozi, palikuwa na alama ya rangi ya zambarau, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Hatukuwahi kuiona. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa akimtazama mama mgongo. Mimi na kaka yangu ni wanawe wa kiume, na heshima ilitukataza. Shemeji alimwogesha haraka uso, mikono na miguu, naye aliona haya kumfunua mama mkwe. Haya yetu njema ilikuwa imeficha kidonda.

Vitabu vingi husema alama ya kwanza ni wekundu. Ngozi yetu haiwi nyekundu namna hiyo. Kwetu tafuta mahali palipoiva rangi, palipo na joto au baridi kuliko ngozi ya jirani, palipo pagumu au penye bonyo, au panapomuuma mgonjwa ukimgusa. Sehemu za kukagua ni zile zenye mfupa karibu: kiuno cha chini, nyonga, visigino, vifundo, viwiko, mabega, na kisogo. Mwili ukibanwa kati ya mfupa na godoro, mishipa midogo hufungika na nyama hufa njaa kuanzia ndani. Kidonda unachokiona juu mara nyingi ndicho kidogo kuliko kilichoko chini.

Tulijaribu hekima zetu. Kaka alileta tyubu ya gurudumu, akaijaza upepo tumkalishe juu yake. Shangazi alipendekeza spiriti na kusugua. Muuguzi wetu, ambaye sasa alikuwa akivuka mto kila jioni, aliondoa vyote viwili. Tyubu hubana ngozi kuzunguka kidonda na kuinyima damu zaidi, spiriti huikausha, kusugua mahali palipoumia huchana nyama ambayo imeshaanza kufa. "Hakuna dawa ya kidonda hiki," alisema, "mpaka mwili uondoke juu yake."

Mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, daktari Ludwig Guttmann alipokea askari waliovunjika uti wa mgongo. Wakati huo watu wa namna hiyo walihesabiwa kuwa wafu wanaosubiri. Vidonda na maambukizi ya mkojo viliwamaliza. Guttmann aliamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na mara nyingi alizunguka wodi mwenyewe usiku kuhakikisha. Vidonda vyao vilipona, wakaketi, wakaanza kurusha mishale, na michezo aliyowaandalia mwaka 1948 ndiyo iliyokua ikawa Paralimpiki. Hakuwa na mashine. Alikuwa na saa na mikono.

Nasi tulikuwa nazo. Nilinunua daftari la shule, nikalichora mistari: saa, upande, jina la aliyemgeuza. M ilikuwa mlango, D dirisha. Saa mbili usiku, M. Saa nne, D. Saa sita, M. Saa nane simu inalia, unaamka baridi inakata masikio, unamgeuza D tena. Hatukumlaza ubavu kamili, kwa kuwa hapo nyonga hubeba mzigo wote. Tulimwinamisha kidogo, mto nyuma ya mgongo, mwingine kati ya magoti, mwingine chini ya miguu ili visigino vielee hewani. Hatukumburuta. Tulimtandikia shuka nene lililokunjwa chini ya kiuno, watu wawili wakalishika huku na huku, wakamwinua. Kwa njia hiyo hata sisi wanawe tuliweza kazi bila kumvunjia heshima, na kumfunua kukawa kazi ya shemeji, ambaye muuguzi alikaa naye siku tatu mpaka haya ikaisha.

Mengine yalifuata saa hiyo hiyo. Kila alipogeuzwa, alikunja na kunyoosha vifundo vya miguu mara kumi. Alivuta pumzi ndefu tano na kukohoa, maana mapafu yasiyofunguka huweka majimaji na kuleta nimonia. Hakulishwa akiwa amelala; aliketishwa wima, na baada ya kula akabaki ameinuka nusu saa, chakula kisiteleze kuingia njia ya hewa. Alipewa mayai, maziwa, ndengu na omena, kwa sababu kidonda hujengwa kwa chakula. Maji tulimpa kikombe kwa kikombe. Alikuwa ameanza kuyakataa kimyakimya ili asitusumbue na choo, na hapo ndipo mkojo unapochafuka na choo kugeuka jiwe. Fundi wa Elburgon alikata tundu katikati ya kiti imara cha plastiki, tukaweka ndoo chini. Siku alipokitumia mara ya kwanza peke yake nyuma ya pazia, mama alituambia kwamba amerudi kuwa mtu.

Mwaka 1947 daktari Mwingereza, Richard Asher, aliandika makala akiwaonya wenzake kwamba kitanda, dawa waliyoiagiza bila kufikiri, hudhuru kila kiungo, kuanzia misuli hadi akili. Misuli ya mzee huyeyuka kwa siku chache tu. Nilikuwa nimeona hilo kwa macho: mapaja ya mama, yaliyokuwa yakipanda mlima na debe la maziwa, yalikuwa yamebaki ngozi.

Lakini nisiseme kana kwamba kazi hii ilifanywa na daftari. Ukilifungua leo, jina la shemeji limo kuliko majina yetu wote tukijumlishwa. Nyumba nyingi ziko hivyo. Wanaume hulipa bili, wanawake huamka saa nane. Oktoba mgongo wa shemeji ulikataa, tukagawana zamu kwa haki kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo nilipoanza kuandika jina langu usiku. Anayemuuguza mgonjwa bila kupokezana huwa mgonjwa wa pili.

*

Kidonda kilifungika karibu na Krismasi. Kusimama kulitangulia. Wiki ya marudio ya uchaguzi wa rais, mwishoni mwa Oktoba, barabara zimenyamaza na kila mtu yuko kwake, mama alishika fremu na kutembea kutoka sebuleni hadi zizini. Ilimchukua karibu nusu saa. Alisimama akamtazama yule ng'ombe, akauliza nani anamkamua siku hizi, maana kiwele hakimalizwi.

Nimejiuliza mara nyingi ningemwambia nini kijana anayetoka leo lango la hospitali na mzazi wake kwenye kiti cha magurudumu. Ningemwambia asiondoke kabla hajauliza: je, mgonjwa wangu yuko katika hatari ya damu kuganda, na hatari hiyo itaisha lini? Oktoba 13, siku aliyozaliwa Virchow, huadhimishwa duniani kama siku ya ugonjwa huu, na waandalizi wake husema hadi asilimia 60 ya mabonge haya huwapata watu walio hospitalini au waliotoka humo ndani ya siku 90. Kuruhusiwa, kwa hiyo, si mwisho wa hatari. Hii inamhusu pia mama aliyejifungua, hasa kwa upasuaji, kwa wiki sita zinazofuata. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usiuchue, mpeleke hospitali. Akikosa pumzi ghafla, kifua kikimchoma akivuta hewa, au akikohoa damu, usingoje asubuhi.

Na ningemwambia kwamba mgonjwa atamlaumu. Mama alinichukia wiki mbili nzima. Alisema namtesa, kwamba baba yake ambaye nimebeba jina lake hakuwa mkatili hivi. Nilimgeuza huku akisema.

Leo anakaribia miaka 80. Anatembea na fimbo, anavuka mto kwenda kunywa chai kwa jirani, na kibuyu kimerudi kwenye kona yake. Juzi ililetwa habari kwamba mzee mmoja wa kanisa amepooza upande mmoja na yuko nyumbani. Kina mama walisikitika, wakauliza anakula, anaongea, amelala vipi. Mama alisubiri wamalize.

"Usiku," akauliza, "nani anamgeuza?"